Siku niliyomgonga fisi, na ndoo ya samaki iko kwenye buti

Kila ninayekutana nae Kihesa hapa Iringa siku hizi ananiuliza swali moja, eti mkia wa fisi ulichukua? Sikuchukua mkia. Naandika hapa mara moja niwe nawaelekeza huku maana nimechoka kusimulia, na pia kuna vitu kwenye hii stori watu huwa wanaviruka, wanataka sehemu ya fisi tu.

Ilikuwa Julai, tunatoka Dodoma kwenye msiba, mi na mjomba wangu, mzee wa Isimani ambae hajawahi kuwa na leseni ila anaendesha kwa mdomo kuanzia unapowasha gari mpaka unapozima. Tulitoka saa nane mchana, hesabu yangu ilikuwa tufike Iringa kabla giza halijakolea maana ile barabara naijua, ukishavuka Mtera kuna vichaka, kuna ng'ombe, kuna punda wanaolala kwenye lami kwa sababu usiku lami ina joto. Lakini Mtera lazima anko anunue samaki. Kwanza perege wadogo, halafu wakubwa kidogo, kisha akaona kambale, akaanza kugombana bei na yule mama kama vile wamechangia kiwanja, wakacheka, wakaulizana koo, wakagombana tena. Lisaa zima. Tukaondoka na ndoo ya lita 20 imefungwa na mfuko wa sandarusi juu, nikaiweka kwenye buti, jua linazama.

Migori tukapita, Izazi tukapita. Baridi imeanza, vioo juu, harufu ya samaki ndani ya ka-IST kangu usiseme. Kabla hujaanza kupanda Nyang'oro kuna vipande vimenyooka, na hapo ndo mtu anajisahau. Nilikuwa na mwendo wa kama 80. Fuso likaja mbele yangu na fulu zake zote, nikadimu, yeye hakudimu, likapita, na ile sekunde moja au mbili baada ya taa kali kupita huoni kitu, unaendesha kwa kumbukumbu. Ndo kwenye hiyo sekunde nikaona macho mawili yako chini, chini sana, usawa wa bampa. Alikuwa ameinama anavuta kitu barabarani.

Nilikanyaga breki. Usukani sikuukata, na nisijisifie hapa, haikuwa akili, muda haukuwepo. Ila nashukuru haukuwepo. Kushoto kwangu kulikuwa na tuta la mtaro na mgunga, kulia kungekuwa na fuso la pili. Jamaa yangu mmoja alimkwepa sungura karibu na Nyororo, sungura wa kilo mbili, akaenda kulala mtaroni tairi ziko juu, kavunja mkono, sungura mwenyewe hata hajui kama kuna ajali ilitokea. Mnyama mdogo au wa kati breki ya nguvu, usukani umenyooka, mgonge kama hamna namna, maana mti hauchepuki na lori halichepuki. Wakubwa ndo tofauti. Twiga miguu yake iko usawa wa boneti ila mwili wote uko juu, ukimkata miguu anakuja na kioo, kwaiyo pale unapunguza mwendo kwa kila ulichonacho, na kama kuna nafasi salama unapita nyuma yake, kule anakotoka na sio anakoelekea, na hata hapo uangalie maana wanyama wengi hawavuki mmoja mmoja, ukimuona wa kwanza hesabu kwamba wenzake wako kichakani wanajiuliza.

Mlio wenyewe ulikuwa kama mtu katupia gunia la mahindi mabichi kwenye boneti. Hakuna kulia, hakuna nini. Gari ikasogea kama hatua 30 mbele ikasimama. Kimya. Halafu anko akasema taratibu kabisa, "Mjomba, samaki wamemwagika."

Nikawasha hazadi, nikasogeza gari pembeni kwa zile nguvu za mwisho maana mshale wa moto ulikuwa umeshaanza kupanda. Nikazima. Maji ya rejeta yanatoka chini yanaenda kwenye lami, ya kijani, yanafuka. Nikamuuliza anko umeumia? Goti limegonga dashibodi ila anakunja. Mkanda alikuwa amevaa kwa sababu nilimlazimisha pale Mtera, alivyokuwa ananilaumu unamkaba shingo.

Triango ninayo, ya plastiki, mguu mmoja umevunjika. Nikaisimamisha nyuma ya gari, semi ya kwanza iliyopita ikaibeba kwa upepo ikaitupa huko. Kwaiyo tukarudi kwenye ile njia yetu ya siku zote, matawi. Anko akakata matawi ya mgunga kwa mikono huku anatukana miiba, tukayapanga kuanzia mbali, sio pale pale kwenye gari kama wengine wanavyofanya, dereva anaona tawi na gari kwa wakati mmoja lina faida gani. Anza mbali, hatua 100 kama kuna kona au mteremko, halafu yanakuja yakikaribia. Na ukimaliza safari yako uyaondoe, matawi yaliyoachwa barabarani nayo yanaua watu wa bodaboda usiku.

Sasa ndo nikawasha tochi ya simu nikamulika nyuma. Fisi amelala ubavu katikati ya njia, madoa yanaonekana vizuri, mkubwa, mi nilikuwa nadhani fisi ni kama mbwa mkubwa, hapana, yule alikuwa na shingo kama ya ndama. Na pembeni yake ndo nikaelewa alichokuwa anavuta, mzoga wa mbuzi, umeshasagwa na magari mengine kabla yangu. Yani kuna mtu aligonga mbuzi jioni ile akamwacha pale pale kwenye lami akaenda zake, fisi akaja kula, nikaja mimi. Ningeondoka na mimi nikamwacha fisi pale, angekuja wa tatu. Hicho kitu kilinikaa kichwani sana.

Anko akasema amekufa huyo, twende zetu, fisi hana mwenyewe.

Ukweli ni kwamba ningekuwa na rejeta nzima tungeenda. Nisijifanye mwema. Ni giza, ni baridi, unaogopa, unajiambia ni fisi tu, nani atamlilia fisi. Ng'ombe ukimgonga mwenyewe anatokea kichakani kabla hujazima injini, na mbuzi wote wanaogongwa Tanzania hii walikuwa na mimba ya mapacha. Mnyamapori unadhani hana wa kumdai. Kumbe huyo ndo ana mwenyewe mkubwa kuliko wote, ni mali ya serikali, awe ndani ya hifadhi au awe anazurura Izazi huko nyuma ya banda la mtu. Watu wanajua ya Mikumi tu kwa sababu pale kuna mabango, barabara inakata hifadhi kama kilomita 50 hivi, faini zimepangwa kwa kila mnyama, basi madereva wakishatoka pale wanapumua wanaona sheria imeishia getini. Haiishii.

Tukiwa tumesimama hivyo ikaja boda, vijana wawili, wakazima. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu." Pole nyingi, wakamulika, mmoja akashuka akapiga mluzi. Akaniambia, "Braza, huo mkia unaujua bei yake?"

Nikamwambia sijui.

"Kuna wazee wanautafuta huo, acha kabisa. Na nywele za usoni. Nakupa 50,000 hapa hapa ufumbe macho tu, we si unasubiri fundi." Na ana panga, panga lenyewe limefungwa kwenye pikipiki kwa mpira.

Anko ambae dakika mbili nyuma alikuwa anasema fisi hana mwenyewe sa hivi akawa anasema 50,000 ndogo. Nawapenda sana wajomba.

Hapo ndo nilikataa, na hapa nataka mtu asome polepole. Mkia wa fisi, ngozi, jino, pembe ya swala uliyemgonga, paja la pofu lililokatwa vizuri na lori limeshaondoka, vyote hivyo vinaitwa nyara za serikali. Sheria ya wanyamapori ya 2009 haikuulizi ulimuua kwa risasi au kwa bampa, inakuuliza kibali kiko wapi. Hizo kesi zinaenda kwenye uhujumu uchumi, dhamana ni shughuli, na watu wanafungwa miaka 20 kweli, wanafungwa kwa nyama iliyokutwa kwenye sufuria. Kama una hamu ya nyamapori siku hizi kuna mabucha yenye leseni, unanunua unapewa risiti, unakula ukiwa umekaa. Nyama ya barabarani achana nayo, na kiafya pia, hujui kwanini mnyama alikuwa mzito kuvuka, kuna kimeta, kuna mengine.

Nikamwambia yule kijana, bro, mi sipo kwenye hiyo biashara na ukiikata hapa mi ndo nitaulizwa maana namba za gari ni zangu. Akanicheka. Akaenda na panga lake, anatembea kwa madaha, mwenzake anamulika. Amefika kama hatua nne hivi, anainama, na yule fisi akanyanyua kichwa.

Sijawahi kuona mtu anarudi nyuma kwa spidi ile akiwa bado ameinama. Panga alilitupa. Mwenzake na tochi walikuwa wameshafika kwenye pikipiki, kwaiyo sisi wote tukabaki gizani, na kitu pekee tulichosikia ni kucha kwenye lami, krrr, krrr, na pumzi. Anko alishaingia kwenye gari, amefunga mlango, amefunga na loki, mi niko nje. Nikagonga kioo. Akanifungulia baada ya kunitazama usoni kwanza, kama anahakikisha ni mimi.

Tulivyowasha taa za gari tukamuona anavuka kwenda upande wa kulia, mguu wa nyuma mmoja unaburuta, akazama kichakani. Alikuwa amezimia tu. Mnyama aliyegongwa na kulala sio mnyama aliyekufa, na kitu kinachonishangaza ni kwamba watu wazima tunajua hili kwa nyoka, hatulijui kwa wengine. Usimsogelee, usimguse kwa fimbo, usijaribu kummaliza mwenyewe hata kwa huruma, kwanza hiyo ruhusa huna, pili anaweza kukuonyesha. Mnyama anayekula nyama kwa teke moja la gari anakuwa na maumivu na hasira na hana cha kupoteza. Na kule Mikumi hata kushuka kwenye gari ovyo usishuke, simba hawasomi ratiba, kaa ndani upige simu.

Vijana wakasema basi braza, amekwenda, hamna ushahidi, kesi imeisha, wakaokota panga wakaondoka. Anko nae akasema hivyo hivyo. Na hapo ndo kila mtu ninaemsimulia anakubaliana nao, kama mnyama kakimbia unaripoti nini sasa?

Unaripoti hicho hicho. Fisi aliyekufa hana shida na mtu. Fisi mwenye mguu mmoja uliovunjika hawezi kukimbiza kitu chake cha kawaida, kesho asubuhi ana njaa na anaumwa, na kesho asubuhi hapo wanapita watoto wa shule kwenye giza la saa kumi na mbili, wanapita kina mama na ndoo, wanapita wachungaji na mbuzi zao. Mi nimekulia Isimani, nimekwenda shule kwa njia za namna hiyo nikiwa na sweta limetoboka kiwiko, nikijiimbisha ili nisiogope. Kwaiyo sikuwa na namna ya kujidanganya.

Mtandao hapo ulikuwa unakata. Nikapanda jiwe, kweli kabisa nimesimama juu ya jiwe mkono juu kama sanamu, nikaipata 112 mara ya tatu, nikajieleza, kisha nikampigia binamu yangu anipe namba ya mtendaji wa kijiji cha pale. Ukiwa sehemu kama zile mtendaji ndo anafika wa kwanza na ndo anajua njia za watoto ziko wapi. Alikuja na boda, kavaa koti kubwa la bluu na kofia ya sufu, yuko na mgambo mmoja. Anko akamsalimia kwa Kihehe, "Kamwene," wakaanza kutafutana ukoo mpaka wakapata mtu waliyemzika wote, baada ya hapo tukawa nyumbani. Wale ndo waliuvuta mzoga wa mbuzi kwa kamba wakauweka mbali na lami.

Polisi walifika saa tatu kasoro na pikapu. Wawili, wapole tu. Wakapima kwa hatua, wakachora mchoro, wakaniuliza mwendo, nikasema 80, wakaniangalia. Mmoja akamulika chini ya gari akakuta maji yenye damu damu yanadondoka upande wa nyuma.

Upande wa nyuma, jamani. Sio mbele kwenye ajali.

"Kwenye buti kuna nini kijana?"

Nikasema samaki afande. Na kwa kweli hata mi nilivyojisikia nilijiona muongo. Umegonga mnyama, mnyama hayupo, buti linavuja damu, unasema samaki. Akaweka mkono kiunoni, mwenzake kazunguka upande ule. Buti likafunguliwa, harufu ikatoka kabla ya mwanga, kambale mmoja yuko juu ya tairi la spea ametoa macho anawaangalia. Wale maaskari walicheka mpaka mmoja akashika bampa. Mtendaji akasema ndo maana fisi amekufuateni.

Nikaandika maelezo. Saa, sehemu, nilielezea kwa nguzo ya kilomita na daraja dogo lililokuwa karibu, alikuwa anatokea wapi, amekwenda upande gani, mguu gani. Picha nilikuwa nimepiga za gari, za lami, za manyoya kwenye shoo, ile grili ya mbele, na hizo zilisaidia kuliko maneno yangu yote maana ukiwa na picha ya saa moja na dakika kadhaa hakuna wa kukuambia uligonga mtu ukitoka baa. Anko wakampa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, kwa ajili ya goti, akagoma, akasema goti lake ni la 1958 halijawahi kwenda polisi. Ila aliichukua, na kesho yake hospitali wakampiga picha, hakukuwa na kitu.

Kesho yake hiyo hiyo saa tano mtendaji akanipigia. Afisa wanyamapori alikuja asubuhi na askari wake, wakafuata damu, wakamkuta kwenye korongo, kama mita 300 kutoka barabarani, yuko hai amekaa chini ya mti. Wakamaliza kazi. Korongo hilo ndo watoto wanalikatisha kwenda shule, na siku hiyo waliambiwa wazunguke.

Tuje kwenye hela. Brekidauni mpaka Iringa niliambiwa 250,000, tukaishia 200,000. Rejeta ya mtumba 160,000, bampa 120,000, taa moja 90,000, shoo, feni, kunyoosha ile sehemu ya mbele, fundi. Ilipita laki saba. Na bima yangu? Ndogo. Bima ndogo inamlipa mtu uliyemuumiza au gari la mwenzio, fisi hayumo na gari lako halimo. Bima kubwa ndo ingehusika, na hata hiyo lazima uwe na ripoti ya polisi, sio stori, kwaiyo wale mnaogonga swala na kwenda moja kwa moja gereji kwa aibu mnajinyima wenyewe. Mi nilikuwa nimeambiwa na mke wangu Januari tuchukue kubwa nikasema nitaendesha taratibu. Hajasema kitu mpaka leo. Anapitisha tu kidole kwenye ile bampa mpya, rangi haijafanana.

Pale gereji kitu kimoja kilinishtua. Fundi anatoa manyoya na vipande vilivyoganda kwenye kondensa kwa kidole, mikono mitupu, anaongea na simu. Nikamwambia kaka vaa glovu, huyo ni mnyama wa porini anayekula mizoga, kichaa cha mbwa sio cha mbwa peke yake, mate yakiingia kwenye mchubuko ni hatari. Alidhani natania. Tukamuosha kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka robo saa nzima, kijana wa spea anahesabu dakika kwa sauti, maana ndo wanavyoelekeza kwa kuanzia kabla hata hujakimbilia hospitali, na hospitali nilimpeleka, kidole kilikuwa na mkwaruzo. Manyoya tukayachoma, kuna mmoja pale alishaanza kuyatazama kwa jicho la yule kijana wa boda.

Samaki tuliwala. Walikaa usiku mzima kwenye ile baridi ya Nyang'oro hawakuharibika, mama akawakaanga siku ya pili, anko akala watatu akasimulia upya, kwenye simulizi yake yeye ndo alibaki nje na mimi ndo nilijifungia kwenye gari. Nimemwacha.

Gari limeoshwa mara tano mpaka sasa. Mbwa wa jirani bado kila nikiingia getini anakuja mbio mpaka kwenye bampa, ananusa, anarudi nyuma hatua mbili, anabweka kwa bampa, mi anapita ananiacha kama sipo.